Cheti cha Tufani

Tufani aliletwa Gulu na lori la polisi,
ndani ya tundu la mbao, na bahasha ya kaki:
cheti cha nasaba, mihuri miwili,
mababu hadi kizazi cha sita
na medali ya kila mmoja pembeni.
Tulimpa posho na dagaa.
Alitutazama kama ofisa
aliyehamishiwa mbali na mkewe.

Hakuna aliyeandika nyonga.

Mwaka wa nne, mvua za Agosti,
akashindwa kuruka ukuta wa mazoezi.
Daktari wa mifugo aliinua eksirei dirishani:
"Afande Ocira, ona. Mfupa na kikombe chake havishikani.
Hakuumia kazini. Amezaliwa nayo."
Akachukua kalamu nyekundu, akaandika ASIZALISHWE.
Kamanda akatia sahihi.
Chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke.

Mimi pia nina nasaba, ila ya mdomo.
Naweza kutaja mababu saba;
wa saba alivuka mto Aswa na ng'ombe mmoja, kilema.
Tulipokwenda Lira kumposa Amongi
wazee waliuliza ukoma, wakauliza uchawi,
wakauliza kama baba yangu ana madeni.
Damu hawakuuliza,
au waliuliza, kwa maana nyingine.

Lamaro alipofika miezi minane
vidole vilimvimba kama ndizi changa.
Nesi alichora miraba minne nyuma ya kadi ya chanjo.
"Selimundu," akasema. "Baba nusu, mama nusu.
Mmoja kwa wanne, kila mimba.
Msidhani ya kwanza imewalipia ya pili."

Mundu naujua. Nimevunia mtama tangu utotoni.
Sikujua kwamba nilikuwa nao mwilini,
umelala, haunikati,
na Amongi wake umelala,
tukaoana.

Usiku ule Amongi aliwahesabu wadogo zake:
watatu, hakuna aliyefika miaka miwili.
Mmoja surua, walisema.
Mmoja homa.
Wa mwisho, jicho la jirani,
mama mmoja mjane aliyeitwa Akullu.
Nyumba yake ilichomwa. Alihama na kuku wawili.
Amongi aliketi kitandani, hakulia.
Alisema tu: "Akullu," mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba isiyokuwepo.

Mara nyingine, zamu ya usiku, nawaza ile kalamu nyekundu.
Kama mtu angetuandikia sisi?
Kama angetuandikia mapema, kwa nia njema, kwa muhuri?
Halafu namkumbuka Lamaro
anavyomfokea koplo kwa Kiswahili cha kambini,
mikono kiunoni, macho ya manjano,
na wazo lenyewe naliona aibu,
nalo halitoki.

Tufani amestaafu. Analala mlangoni kwetu.
Baridi ikiingia wanaijua pamoja:
mbwa anaanza kuvuta mguu wa nyuma,
mtoto anakunja magoti, anauma shuka.
Amongi anachemsha maji, anajaza chupa mbili,
anazivika soksi zangu za gwaride.
Moja juu ya kitanda, moja chini.

Juzi Lamaro, miaka kumi na moja, alikiona cheti.
Alikisoma chote, kidole juu ya kila babu.
"Changu kiko wapi?"

Basi tukachukua daftari la hesabu.
Nikaandika waliovuka Aswa na waliobaki.
Amongi akaandika wadogo zake watatu,
na mbele ya kila mmoja neno lile lile.
Pembeni kabisa, nje ya mstari, akaandika Akullu.
Lamaro akauliza ni shangazi wa upande gani.
Hatukumjibu bado.

Chini akaandika jina lake mwenyewe.
Penye ugonjwa akaujaza, herufi zote, bila kuniuliza.
Penye medali akafikiri kidogo,
akaandika: Tufani.

Kisha akaomba maji.
Anatakiwa kunywa mengi.