Jina Chini ya Asali

Duka langu liko Isevya, mlango wa bluu.
Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti,
na tangu Juni nachora lebo.

Lugusha aliingia na chupa mia mbili tupu
na kikundi kizima cha warina asali wa Sikonge mdomoni mwake:
wamesema hivi, wamekataa vile, wanataka nyuki.
"Nyuki anayefanya kazi," akasisitiza. "Si wa kupamba."

Nikawasha kompyuta, bando la elfu moja.
Nyuki wakamiminika kiooni kama bumba lililohama mzinga,
wa dhahabu, wa manyoya,
mmoja wa katuni, kavaa kofia, anacheka.
"Huyo!" Kidole chake kikaacha alama ya nta.
"Huyo ana mwenyewe."
"Mwenyewe yuko wapi? Mbona kaachwa uchi, hana hata kamba?"

"Na mizinga yako kule porini, Lugusha,
umeifunga kamba?"

Akanyamaza.
Mizinga yake inaning'inia kwenye mitundu, mwendo wa siku mbili,
haina ua wala mlinzi,
ina chapa ya chuma cha moto tu,
mistari miwili na nukta, aliyoachiwa na mjomba wake.
Anayeifungua usiku huitwa mwizi
mpaka kwa wajukuu.
Kukaa hadharani si kukosa mwenyewe.

Basi nikabadili chujio.
Nikatafuta wale ambao wenyewe wamesema: chukueni.
Na hapo napo kuna maneno madogo,
kama yale ya kwenye karatasi ya dawa,
ambayo hakuna anayeyasoma mpaka avimbe.
Nyuki wa kwanza, chavua imemjaa mapajani, uzuri mtupu:
chukua, ila usiuzie kitu.
Chupa ni elfu nane sokoni. Kwaheri, mrembo.
Mwingine: chukua, uza, ila usinikate wala usinipake rangi.
Lebo yangu ni ya duara. Ningemnyofoa mabawa.
Nikashuka ukurasa baada ya ukurasa, bando likikonda,
mpaka kwa mmoja ametupa mgongo,
kona moja ya picha ina ukungu, kichwa chote kimezama uani.
Leseni yake fupi:
tumia, uza, kata upendavyo,
sema umekata,
na unitaje. Mwavita Bilombele.

"Jina la mtu kwenye asali yangu?
Watu watadhani ndiye aliyeirina!"

Sikumjibu upesi.
Nilikumbuka mwaka juzi, kwa kinyozi wa Kanyenye,
kalenda ya gesti moja imetundikwa juu ya kioo:
stesheni yetu chini ya mvua, behewa moja, mwanamke na beseni kichwani.
Niliipiga mimi. Nililowa mimi.
Nikamwambia kinyozi, "Ile ni yangu."
Akacheka, mashine ikatetemeka shingoni mwangu:
"Na treni nayo ni yako?"

Umeme ukakatika kabla sijachapa hata moja.
Lugusha akarudi saa kumi na mbili, akasogeza lebo ya kwanza taani.
Akasoma kwa shida, herufi ni za mchwa:
*Picha: Mwavita Bilombele, imekatwa*,
na leseni yake, kwa jina lake kamili.
"Yeye anajua?"
"Hajui. Hakuomba kujulishwa. Aliomba kutajwa."

Akaigeuza. Akaigeuza tena.
Nikadhani anatafuta bei.
"Basi na sisi," akasema.
"Sisi nani?"
Akavuta daftari la kikundi, akaanza kunisomea:
Nyamizi, Kasubi, Mwanahiti, Shigela mkubwa, Shigela mdogo...
Majina kumi na manne, kwa herufi zilezile za mchwa.
Nikambana nyuki, nikambana tena,
mpaka akabaki kama ukucha wa mtoto,
bado ametupa mgongo, bado anafanya kazi.

Wino uliishia kwenye jina la tisa.
Kesho nitaanza upya.