Mkoromo

Ulianza Jumatatu, daraja la Makupa,
redio ikisoma matangazo ya vifo:
"Inasikitika kutangaza kifo cha..." kisha kkhhh,
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa changu.
Abiria akanigonga bega: "Nani? Nani amekufa?"
Hata mimi sikusikia.

Nikivuta mafuta, nao unapanda.
Nikilegeza, unashuka, unanong'ona.
Nikizima injini, redio inasema safi
kama karani wa mahakama.
Kitu gani hiki
kinachokula injini, kikanitapikia masikioni?

Steji ina majibu kuliko maswali.
Chengo: "Spika imepasuka, nunua mpya."
Tsuma: "Ampu hiyo. Ing'oe, tupa baharini."
Duka la Mwembe Tayari likataka elfu nne na mia tano.
Nilikuwa na mia sita na themanini,
na themanini ilikuwa ya petroli.

Bi Rukiya yuko nyuma ya soko la Kongowea,
mguu wa miwani yake umefungwa kwa waya wa shaba.
Spika hakuigusa.
Alileta betri ya pembeni, akailisha redio kwa hiyo,
akaniambia niwashe pikipiki, nivute mpaka mwisho.
"Umesikia?"
"Sijasikia kitu."
"Basi ndiyo hivyo."

Akaufuata waya mweusi kwa kidole,
chini ya kiti, mpaka kwenye bolti
iliyoota kijani:
chumvi ya Likoni, ya kuvuka na feri
mara nne kwa siku, miaka mitatu.
"Na tena umefunga ethi juu ya rangi.
Rangi ni kanzu, mwanangu.
Umeme hautaki kanzu, wataka ngozi."

Msasa wa ishirini. Nikasugua
hadi chuma kikanionyesha meno.
Grisi kidogo, ili chumvi isirudi haraka.
Waya mpya, mwekundu, kutoka betri moja kwa moja,
na fyuzi yake. ("Bila fyuzi utachoma makalio.")
Spika mbili za Pijo iliyofia Jomvu, mia tatu na hamsini,
karatasi imechanika; tukaiziba kwa gundi
na kipande cha pakiti ya majani ya chai.
Kasha lake, ndoo ya rangi.
Ndani tukashindilia usumba, usiache sauti ikarandaranda;
usumba nilipewa bure na shangazi Nyamvula,
pamoja na matusi ya kutomtembelea tangu Idi.
Na ufundi?
"Nipeleke nyumbani Bombolulu. Polepole."

Nikampeleka. Taarifa ya saa tatu:
bei ya unga, maji kukatika Kisauni,
kisha vifo. Jina zima, ubini, mtaa, saa ya maziko.
Hata msomaji alipomeza mate nilisikia.
Bi Rukiya akasema, "Wa Miritini huyo. Si wetu."
Kisha, baada ya matuta mawili: "Mungu amrehemu."

Nikarudi peke yangu, nimejaa sauti.
Hapo ndipo, chini ya msomaji, chini ya tangazo la sabuni,
nikaisikia:
tik, tik, tik,
kama bibi anayekata kucha gizani.

Valvu.

Mkoromo ndio uliokuwa ukimficha, na sijui tangu lini.
Nikapunguza redio,
nikaingiza mkono mfukoni nikiwa barabarani,
nikahesabu sarafu kwa vidole.