Akidi

Barua ya mwito niliiandika mimi: saa tatu kamili asubuhi.
Saa nne na robo tulikuwa saba
chini ya bati la ofisi ya mtaa.
Treni ya Mpanda ilishapiga honi ikaenda zake,
na kanuni inataka wanane.

Mzee Shija akatafuna karanga zake kimya.
Mwalimu Kasoga akasahihisha madaftari ya watoto,
mkasi, vema, mkasi, mkasi.
Mwenyekiti akaniuliza tena, kana kwamba nimemmeza mimi:
"Karani, huyu wa nane yuko wapi?"

Wa nane ni Bi. Nyamizi Lugendo.
Wa nane yuko kisimani.

Saa nane za usiku aliipanga ndoo yake,
ya ishirini na tisa kutoka kwenye mpini wa pampu.
Kiangazi cha Tabora hakina haya:
ukifika mwezi wa kumi
pampu inakohoa mara kumi ndipo iteme mara moja.

Na ajenda yetu (niisome ilivyo,
maana niliipiga chapa mwenyewe)
ajenda namba tatu:
*Kero ya watu kuacha vyombo kwenye foleni ya maji na kuondoka.*

Tukamtuma mtoto wa mama ntilie.
Akaja Bi. Nyamizi, kanga imelowa upande mmoja,
ndala akaziacha mlangoni kama aingiaye msibani.
"Nimeweka jiwe ndani ya ndoo," alisema,
"upepo usije ukanitoa kwenye mstari."

Nikaandika: *akidi imetimia.*

Wakasema, wapo wanaopanga ndoo tano kisha wakalale.
Wakasema, wapo wanaopanga hata tofali,
tofali nalo linateka maji?
Tukacheka. Kicheko sikukiandika.
Bi. Nyamizi akauliza: "Na ile spea ya pampu?"
Mwenyekiti akapekua karatasi, mbele, nyuma.
"Hiyo, mama, iko kwenye Mengineyo."

Mikono ikapigwa.
Watano waliafiki. Wawili walikataa.
Mkono wa Bi. Nyamizi ulipanda hadi sikioni,
ukarekebisha kitambaa, ukashuka.
Nilimwuliza kwa macho, hakunijibu.
Nikaandika: *mmoja hakuegemea upande.*

*Azimio: Chombo kisicho na mwenyewe kitaondolewa.
Faini: shilingi elfu tano.
Utekelezaji: mara moja.
Mengineyo: yameahirishwa kwa kukosa muda.*

Soda zilikuwa saba, kwa hesabu ya asubuhi.
Mwalimu akampa yake.

Muhtasari wetu una safu ya jina,
safu ya cheo, safu ya sahihi.
Nimeupekua wote, hauna safu ya jiwe.

Saa saba mgambo Maganga akaingia anatokwa jasho,
amefurahi kama mtu aliyepewa kazi inayoeleweka.
Chombo cha kwanza: ndoo ya bluu,
mfuniko umepasuka ukashonwa kwa waya.
Akaitua mezani pangu,
juu ya orodha ya mahudhurio.
Ndani lilikuwamo jiwe, limetulia,
kama mjumbe aliyefika kabla ya wenzake.

Alikuja bila kelele.
Hakusema habari ya haki, wala ya foleni,
wala kwamba aliitwa na barua yangu.
Akafungua pindo: elfu mbili, na sarafu tatu.
"Iliyobaki Jumamosi, nikiuza njugu."
Akasimama akiangalia ninavyojaza stakabadhi,
namba moja, kitabu kipya,
karatasi ya kaboni bado inang'aa.

"Andika vizuri," akasema. "Nyamizi, kwa zeti.
Kwenye mahudhurio uliweka esi."

Nikafuta kule. Nikaandika huku.

Akaibeba ndoo yake tupu kichwani,
akaelekea kisimani kuwa wa sitini na ngapi sijui.
Jiwe aliniachia.
Lipo hapa mezani hadi leo:
feni ikiwashwa, ndilo linalokalia maazimio.