Mara Sita

Kemijärvi, Januari, saa mbili asubuhi, giza bado.
Irmeli ameketi, koti hajavua.
"Haya, choma," anasema, kakaza meno.

Hiki hakichomi, mama.
Kisindano butu kinaruka,
kinagusa jicho, kinarudi
kabla kope haijapata habari.
Ti. Ti. Mara sita.

"Utaanza lini?"
Nimeshamaliza.

Anacheka. Miaka arobaini alisambaza barua kwa baiskeli,
kila alfajiri akibonyeza tairi kwa dole gumba:
hili limeshiba, hili linataka pumzi.

Namgeuzia kioo.
Thelathini na moja.
Anaitazama namba kwa jicho lile lile,
dole gumba likitafuta kitu hewani.

"Limezidi," anasema.
"Basi nionyeshe valvu iko wapi."