Pedeli ya Kati

Bi Ghania alikuja nayo juu ya lori,
Ford ya mwaka ishirini na nne, nyeusi,
kama seredani iliyotiwa magurudumu.
Akashuka, akakung'uta abaya,
akaniambia kwa Kiswahili, dereva wa lori asisikie:
"Asubuhi ni mtoto wa chuoni. Adhuhuri hanisikii."

Gari hili lina pedeli tatu, na hakuna hata moja
utakayoijua wewe uliyezoea Land Cruiser.
Ya kushoto ni mwendo: ikanyage, mdogo; iachie, mkubwa.
Ya kulia breki. Ya kati ni rivasi,
na hiyo ndiyo inayokwama: ikizama hairudi,
gari linaondoka kinyumenyume
kama mtu anayetoka mbele ya mkwewe.

Nikaanza na yaliyo rahisi, ndivyo nilivyofunzwa.
Springi: nzima, ilinibana kidole kuthibitisha.
Mchanga wa Ibra, ule unaoingia hata ndani ya yai:
nikaupuliza, nikaosha kwa mafuta ya taa.
Nikafungua kifuniko cha juu, nikaziba kwanza kwa tambara,
maana skrubu ikitumbukia humo utaitafuta mpaka kiama,
nikaipapasa mikanda yote mitatu. Haina uzi uliochomoka.
Pedeli inapanda, inashuka. Saa mbili asubuhi.

Saa sita na nusu, digrii arubaini na sita kivulini,
nikaikanyaga. Ikazama. Ikabaki hukohuko.
Dereva wa lori akasoma kitu kimoyomoyo
akahamia ng'ambo ya barabara.

Sasidharan, anayekereza vyuma, hasemi pasipo haja.
Akatoa pande la barafu kwenye sanduku la maji,
akalifunga kitambaani, akaliweka
pale mhimili wa pedeli unapoingilia kwenye chuma.
Tukangoja.
Tak. Ikapanda yenyewe.

Joto, basi. Kuna kitu humo kinavimba,
nje kimezuiwa, kinavimbia ndani, kinaukaba mhimili.
Tukachomoa pini, tukagonga kwa nyundo ya mbao,
bushi likatoka: shaba. Si la kiwandani.
Ukingoni pete tatu zilizochorwa kwa mkono,
na kovu dogo, kama la jino la mtoto.

Bi Ghania akalipokea kiganjani, na grisi yake.
Akalinusa. Wallahi, akalinusa.
"Huu mchi wangu," akasema. "Mchi wa kinu changu cha kahawa."

Marehemu Thani ndiye aliyelifufua gari, mwaka themanini na saba.
Bushi, alijisifu, kaagizia Bahrain.
Na mwaka huohuo Bi Ghania alimwambia wifi yake Rayya,
mbele ya wageni, sinia la tende katikati,
maneno kuhusu mikono mirefu.
Rayya akahamia Sur. Hajakanyaga Ibra tena.

Lugha yetu hii inabana matumizi:
springi hurudi, nguo ikifuliwa hurudi,
mtoto mkorofi mzazi humrudi,
na sisi tulirudi kwenye nchi
ambayo wengine wetu tulikuwa hatujaiona.

"Ninalo bushi jipya," nikasema, "rial tatu tu."
"Usiniletee."
Basi Sasidharan akalipitishia msasa ndani,
mzunguko, mzunguko, akapima, mzunguko,
akaondoa unene wa unywele, hakuzidisha.
Vumbi la shaba likamwagikia gazeti lake la Kimalayalamu.
Bi Ghania akalikunja gazeti, akalitia mkobani,
na mwenyewe hajamaliza kulisoma.

Saa nane. Ford inatetemeka uani, mabati yote yanaitikia.
Akakanyaga ya kati. Gari likajivuta nyuma hatua tatu.
Akaondoa mguu. Ikarudi.
Akakanyaga tena, kwa hasira kidogo. Ikarudi.

Akazima. Akakaa tu, mikono kwenye usukani.
"Nipe simu yako. Akiiona namba yangu hapokei."
Nikampa. Nikaenda kunawa,
ile sabuni ya unga isiyotoa kitu,
na huku nasikia, kaiweka kwenye spika:
inaita,

inaita.