Chumba Kimoja Pungufu

Wilkin alituma pesa kutoka Nueva York
na ujumbe wa mstari mmoja:
Mama achague hoteli mwenyewe. Yenye nyota. Asihesabu.

Basi tukaketi jikoni, Higüey, feni ikigeuza shingo,
simu yangu nimeiegemeza kwenye chupa ya siki,
na mama, Eduvigis, kavaa miwani ya kushonea.
Miaka ishirini na mbili ya kutandika vitanda vya watu
imemkaa vidoleni kama pete zisizovuka kifundo.

Nikamwonyesha ya kwanza. Bwawa lenye umbo la figo,
minazi imeinama kwa adabu,
bahari rangi ya dawa ya meno.
"Sogeza," akasema. Nisogeze wapi?
Akaweka vidole viwili kwenye kioo, akavitanua,
akaipita bahari, akaipita minazi,
akaingia chumbani bila kubisha hodi
mpaka kwenye pembe ya kitanda.
"Shuka hii imevutwa na mtu mwenye haraka.
Vyumba kumi na vinane kwa zamu, si chini ya hapo.
Nyingine."

Ya pili ilikuwa na taulo zilizokunjwa umbo la bata,
wawili, mdomo kwa mdomo, shingo zao zimefanya moyo.
Nilidhani atatabasamu.
"Dakika nne kila bata. Piga hesabu.
Nilikuwa nawakunja hao
wewe ukiwa nyumbani na surua."
Nikapiga. Sikumwambia jibu.

Ya tatu, ghorofa saba. "Lifti ya wafanyakazi iko wapi?"
Mama, hawaandiki hayo.
"Ndiyo maana nauliza."

Ya nne, ufuko mweupe kama unga.
"Hii picha ya Januari. Nenda Juni ukanuse:
mwani umelala hadi magotini, unanuka mayai viza,
na vijana wanauzoa kwa beleshi
kabla mgeni hajafungua jicho."

Wanasema nyumba njema si mlango.
Mama hakutazama mlango, wala ndani hakutazama;
alitazama chini ya kitanda.

Kahawa ikachemshwa mara mbili.
Umeme ukakatika, ukarudi, mtaa mzima ukashangilia,
nasi bado tumo humo, katika vyumba vya watu,
yeye akipitisha kidole juu ya kioo cha simu
kisha akikiangalia kidole,
kana kwamba vumbi lingeweza kumfuata hadi jikoni.

Mwishowe akasimama kwenye moja. Las Terrenas, vyumba tisa,
picha mbaya, mojawapo imeingia kidole gumba cha mpigaji.
Nyuma ya jengo, kamba ya nguo,
na chini ya shuka zilizoanikwa, mwanamke
amevua viatu, ana sahani mapajani.
Mama akamtanua. Akamtazama muda mrefu
kuliko alivyozitazama bahari zote nne.
"Anakula," akasema. "Ameketi. Hapa."

Lakini ni nyota mbili tu, mama. Wilkin atanuna.
"Mwambie nimezihesabu."

Tulilipa zaidi ili kitanda kitazame maji.
Asubuhi ya kwanza alifunga pazia.
Bahari anaijua, alisema,
ameifuta chumvi yake kwenye vioo vya kutosha.
Akatandika kitanda, pembe zikakaa kama bahasha.
Akarudi nyuma hatua mbili, akakiangalia.
Kisha akakivuruga kwa mikono yote miwili,
akatupa mito sakafuni,
akalala katikati ya vurugu lake, mchanga miguuni.

Kibao alikuwa amekwisha kukitundika mlangoni:
Usisumbue.
Na kesho yake. Na keshokutwa.
Mama, hutaki wafagie?
"Kuna mtu ana orodha mkononi," akasema, macho kafumba.

Koridoni toroli likaja, gurudumu moja linalilia mafuta.
Likasita.
Likapita.