Mistari ya Penseli

Nimeikuta chini ya mashuka ya marehemu mama,
jalada la kijani, kufuli bila ufunguo.
Nimeifungua kwa kisu cha siagi.

Franeker, mwaka hamsini na nane, darasa la tano.
Kila msichana alipewa ukurasa mmoja na wiki moja,
na masharti: nawa mikono, usivuke pambizo,
piga mistari kwa penseli, ukimaliza ifute.

Hiltje kaandika kama anayeshona pindo,
herufi zote zimelalia upande mmoja
kama mitete iliyokwishazoea upepo.
Froukje kabandika malaika watatu na kikapu cha mawaridi,
akakosea jina langu, akalikwangua kwa wembe
hadi karatasi ikabaki ganda la kitunguu.
Ukiiinulia taa
unaliona kosa limelala mle ndani, zima.

Na Wietske, wa mkono wa kushoto,
aliyefungwa kiganja kwa utepe darasani
ili mkono wa kulia ushike adabu,
yeye alikaa na albamu mwezi mzima.
Ikarudi na mistari kumi na miwili, sambamba.
Neno, hata moja.

Nilimnunia.
Theluji ilipoyeyuka baba yake akauza ng'ombe,
wakapanda meli ya Kanada,
na mimi nilikuwa bado nimenuna.

Sasa nina sabini na saba.
Kila Jumatano, juu ya duka la baiskeli,
kijana mwenye pete puani ananifundisha hati.
Laza nibu, bibi. Shuka taratibu. Panda kwa wepesi.
Wiki tatu tuko kwenye W tu,
mabonde yake mawili yananitoa jasho.
Mkono unatetemeka; anasema niuache,
wino nao una subira zake.

Leo nilikusudia kuujaza ukurasa ule.
Nimetayarisha wino wa bluu, kitambaa,
maneno manne ya kuomba radhi.
Nimeinama, taa ikaja kwa ubavu,
nikaona mikwaruzo:
nibu kavu, isiyochovywa,
imepita mstari wa kwanza, ikarudia, ikarudia,
J, na i, na k mbili, labda e,
kisha pakavu mpaka chini.

Aliogopa doa.
Mkono wa kushoto hufuata nyuma ya wino wake
na kuuburura.

Sijafuta mstari.
Nimechukua karatasi nyingine, ya kufungia mkate,
nikahamishia kalamu kushoto,
nikachovya.